Kila Mtu na Upande Wake wa Lori

Usidhani ni kazi rahisi kulala chini ya gari moja na mtu asubuhi nzima bila kumtazama usoni. Inataka kipaji, na watoto wawili wa Mama walikuwa nacho. Upande wa kulia alilala mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva kwa sababu maisha yake yote ameyapitisha nyuma ya usukani wa malori ya watu. Upande wa kushoto alilala mdogo wake, Fundi, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Mmoja alitandika gunia, mwingine kipande cha boksi. Katikati yao ilipita ekseli ya nyuma ya lori la marehemu baba yao, nyeusi kwa grisi, na kila mmoja aliiheshimu kama mpaka wa nchi jirani isiyoaminika.

"Mama," Dereva alipaza sauti kuelekea dirishani, "mwambie mwanao spana kubwa ameilalia yeye."

Kitanda cha Mama kilikuwa kimesogezwa mpaka ubavuni mwa dirisha, naye alilala chali, shingo ameigeuza ili aone uani. "Ndugu yako anaomba spana kubwa," alisema.

"Mwambie mwanao aje aichukue mwenyewe, kama miguu yake haijaliwa na mchwa."

"Anasema inakuja."

Spana ilikuja kweli. Ilirushwa kupitia chini ya ekseli, ikagonga rimu na kutua karibu kabisa na sikio la Dereva. Dereva akaiokota, akaipangusa kwenye suruali kana kwamba mkono wa mdogo wake una upele, na kuendelea kufungua nati.

Kilichowaleta chini ya lori hilo ni nyonga ya Mama. Aliteleza bafuni, mfupa ukavunjika, hospitali wakamtia vyuma na kumrudisha nyumbani alale. Sasa alitakiwa kurudi Alhamisi, daktari akague mfupa na waanze kumsimamisha. Asipofika, mfupa ungejishika vibaya na kutembea kungekuwa ndiyo basi tena. Na alitakiwa kusafiri amelala, bila kukaa, bila kutingishwa. Hapo ndipo penye shughuli, maana njia ya kutoka nyumbani kwake mpaka barabara ya lami ni mawe na mitaro mitupu. Gari la wagonjwa lilipomrudisha lilikwama kwenye mtaro wa kwanza, majirani wakambeba juu ya mlango uliong'olewa, na alipiga kelele kilima chote. Gari pekee lililoweza kupanda na kushuka pale lilikuwa lori la mzee, lenye pua ndefu na matairi marefu, gari la zamani kuliko hata Dereva mwenyewe.

"Sipandi lile gari likiwa vile," Mama aliwaambia wote wawili, wamesimama miguuni pa kitanda chake kila mtu ameangalia ukuta wake. "Nimelipanda nyuma mara moja, na baba yenu. Lilegezeni springi kwanza. Mlilegeze nyie kwa mikono yenu, nyote wawili. Mkishindwa, mfupa na ujiunge unavyotaka."

Walikuwa wamekosana tangu msiba wa baba yao, na mtaa mzima ulijua kwa nini, maana walikosana mbele ya watu. Miaka miwili iliyopita walimkimbiza mzee hospitali kwa lori hilohilo. Mzee alilazwa nyuma, Mama akakaa naye, wao wawili wakakaa mbele. Alifika hoi na kesho yake akafariki. Hata watu hawajatawanyika makaburini, Dereva alishasema mbele ya wajomba kwamba springi za Fundi ndizo zilizommaliza mzee. Ni kweli kwamba Fundi ndiye aliyeongeza mabamba mawili mazito kwenye kila springi ili lori libebe mawe, likawa gumu kama benchi la kituo cha polisi. Fundi naye hakukaa kimya. Aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, springi tangu lini zinaendesha gari, na ni nani aliyekanyaga mafuta siku ile kana kwamba anawahi mpira. Wajomba wakaingia kati. Kuanzia hapo hawakuiva chungu kimoja. Lori likabaki uani kwa Mama, kila mmoja ana ufunguo wake, na hakuna aliyekubali mwenzake aliondoe.

Sasa watu wenye akili zao wangekaa chini kwanza wakakubaliana. Springi ya lori lile ni mabamba ya chuma yaliyopinda, yamepangwa moja juu ya jingine, refu juu na fupi chini, yameshikwa pamoja na boliti moja katikati. Ukipunguza mabamba, gari linalegea. Lakini unapunguza sawasawa huku na huku, hata mtoto wa chekechea ukimwonyesha ataelewa. Wao hawakukubaliana chochote, kwa sababu ili mkubaliane ni lazima msemezane. Kila mtu aliinua upande wake kwa jeki yake, akaweka magogo yake, akafungua boliti zake zilizokumbatia ekseli, na kuamua mambo yake.

Dereva aliamua kwa hasira. Alipofungua boliti ya kati, mabamba yaliruka na kuachana kwa kishindo kilichowatimua kuku wa jirani, naye akayaona yale mawili ya Fundi, mapana kuliko wenzake, bado yana alama za jiwe la kunolea. Aliyatoa na kuyatupa uani yapige kelele. Kisha akatoa na bamba moja la asili, zima kabisa, lisilo na kosa. Sababu hakuwa nayo ya kumweleza mtu. Alitaka tu lundo lake liwe kubwa, ili kila anayepita aone ni chuma kiasi gani kilikuwa kimewekwa chini ya mgongo wa baba yake.

"Mama, mwambie mwanao nimeona alichokificha humu."

"Anasema amefungua," Mama alisema.

"Mwambie mwanao chuma hakifichwi. Kinachofichwa ni leseni iliyonyang'anywa."

"Anasema hongera."

Dereva aliuma meno. Leseni ilinyang'anywa mara moja tu, tena kwa uonevu, na ilirudi.

Alisikiliza upande wa pili. Fundi alikuwa akisugua kutu kwa brashi ya waya, kwa utulivu wa mtu anayepiga mswaki, kisha akapaka grisi kati ya bamba na bamba. Hakuna chuma kilichosikika kikianguka. Muda ukapita, bado hakuna. Hapo Dereva akaelewa, na damu ikampanda kichwani. Mdogo wake hakuwa na nia ya kutoa yale mabamba. Angetoa ya asili, angetoa kijibamba kidogo cha chini kabisa, angepaka grisi mpaka jioni, lakini yale mawili yake asingeyagusa, kwa sababu siku atakayoyatoa atakuwa amekiri. Kumwambia angeweza, sauti moja tu ingetosha. Hakumwambia. Alijisemea acha gari lishushwe, dunia ijionee yenyewe.

Wakashusha jeki.

Lori lilikaa chini upande wa kulia na kubaki juu upande wa kushoto. Lilikaa shingo upande, bodi lote la nyuma limeinamia kwa Dereva, na ndoo ya misumari iliyosahaulika humo ndani ikateleza taratibu mpaka ikagonga ubao. Mke wa Dereva, aliyekuwa akifua karibu na bomba, aliangalia mara moja na kugeuka upesi kuficha kicheko kwenye kanga. Mke wa Fundi, aliyekuwa akimsaidia kuanika, hakuficha.

Ndipo Dereva alipozungumza na mdogo wake uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Alianza na neno ambalo halisemwi mbele ya mzazi.

"Toa takataka zako! Toa hayo mabamba yako ya kuulia wazee!"

"Nitoe nini? Wewe umebakisha nini huko kwako? Umeng'oa mpaka ya kiwandani! Hiyo ni springi au ulimi wa kiatu?"

"Afadhali ulimi wa kiatu kuliko jeneza lako la chuma!"

"Jeneza aliliendesha nani? Eh? Aliliendesha nani mpaka abiria akafika hana pumzi?"

Dereva alikuwa ameshaokota bamba, lile la asili. Hakujua ameliokota saa ngapi. Lilikuwa refu na zito, na mikono yake ilikuwa imelishika kama shoka. Fundi aliliona, akarudi nyuma hatua moja, kisha akaona aibu kurudi nyuma na akasonga mbele, kidevu juu, akitafuta kupigwa. Wake zao waliacha nguo. Mmoja alimdaka huyu kiunoni, mwingine akamshika yule shati, na shati likachanika begani.

"Mpige!" Mama alisema kutoka dirishani. Hakupaza sauti. "Mpige, tuzike tena. Safari hii mimi sitaweza kufika makaburini, lakini mtanisimulia."

Bamba likaanguka chini.

"Chukueni godoro langu," alisema. "Lile jembamba, chini ya kitanda. Litandikeni nyuma ya lori. Mlale juu yake, nyote wawili, chali, kama nitakavyolazwa mimi. Mpelekwe mpaka lami na kurudishwa. Mkirudi mtaniambia kama ni gari la kupandisha mgonjwa."

"Lakini limeinama, Mama," Fundi alisema.

"Nimeliona. Nani kaliinamisha?"

"Basi mimi niendeshe, yeye alale," Dereva alisema.

"Ataendesha mkeo. Na mke wa mdogo wako akae naye mbele. Nyie nyuma. Mimi ndiye nimesema."

Wake zao walikuwa chanda na pete, jambo lililowaudhi waume zao kuliko yote. Mke wa Dereva aliendesha basi la shule na lori hakuliogopa. Alifuta povu mikononi, akapanda, akavuta kiti mbele. Mke wa Fundi akapanda upande wa pili. Wanaume wawili wazima, mmoja shati limechanika, walilala chali juu ya godoro moja jembamba chini ya turubai, mikono wameibana mbavuni wasije wakagusana.

Injini ilikohoa na kushika. Lori likatoka getini na mara tu lilipokanyaga jiwe la kwanza, Fundi aliporomoka kutoka upande wake wa juu na kumwangukia kaka yake, kiwiko ndani ya mbavu.

"Toka!"

"Nitoke niende wapi?"

Dereva alimsukuma. Jiwe la pili likamrudisha. Akamsukuma tena kwa goti, jiwe la tatu likamrudisha na kichwa juu. Wakapigana hivyo kwa kulala, bila nafasi ya kuinua mkono, wakipumuliana usoni, mpaka wakachoka. Mwishowe Fundi alibaki amemlalia kaka yake begani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kulalia. Kwa ndani, huku akijichukia kwa kukiri, Dereva aliona kwamba springi hazikuwa mbaya. Gari liliinama, lakini halikupiga. Mtaro wa kwanza ambao zamani ungemrusha mtu juu, lori liliuingia kama mtu anayekaa kwa uchovu kwenye kiti.

Ndipo alipomsikia mke wake.

"Wangu anasaga meno usingizini," mke wake alikuwa akisema. "Anamsagia nduguye."

"Wangu je? Nikiunguza kitu jikoni, wa kulaumiwa ni kaka yake."

Walicheka. Sauti zilikuja safi, kila neno peke yake, kana kwamba wanawake wale wamekaa miguuni pa godoro. Mwanya wa nyuma ya kabini, ambao kioo chake kilipasuka zamani, ulikuwa usawa wa vichwa vya waliolala. Injini ilivuma kule mbele. Chini ya turubai maneno yaliingia na kutulia.

"Mama akiondoka hawa watagawana mpaka bawaba za mlango," mke wa Fundi alisema.

"Polepole, watasikia."

"Wasikie nini na injini hii?"

Dereva aliyatambua maneno hayo. Begani mwake alihisi mwili wa mdogo wake ukikakamaa, akajua kwamba naye amefika palepale.

Yale maneno yalikuwa yake. Siku ile ya mzee, kwenye kilima hikihiki, Fundi alimwambia polepole, mzee atasikia, naye akajibu asikie nini na injini hii. Akaendelea. Alikumbuka yote sasa, na hakutaka. Alisema kwa mzee hii ni safari ya kwenda tu. Alisema mwisho wa mwezi lori linahamia kwake, yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye dereva. Fundi akasema lako kwa kipi, chuma chote kilichomo ni changu, liuzwe tugawane. Wakabishana thamani yake. Wakabishana na nyumba, na nani atakaa na Mama, maana hakuna aliyemtaka. Kila mmoja alitaja sababu za mke wake. Na Fundi alipopata haya kidogo na kusema basi tungoje kwanza tuone, Dereva alimwambia mzee kazi yake ameshamaliza, tuzungumze mambo ya walio hai.

Muda wote huo baba yao alikuwa amelala hapa, kichwa chake hapa.

Lori liligeuza kwenye lami na kuanza kupanda kurudi. Wanawake waliendelea kucheka, sasa walizungumzia mwalimu fulani na wigi lake. Wanaume hawakusukumana tena. Jiwe lilipomtupa Fundi kwa kaka yake alikaa alipotupwa, na kila mmoja aliangalia turubai.

Lilipozimwa uani walikaa kidogo kabla ya kushuka. Kisha wakaja dirishani pamoja, nywele zina vumbi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeangalia ukuta.

"Springi zikoje?" Mama aliuliza.

"Zinainama," Fundi alisema. "Lakini hazipigi. Nitatoa yale mawili, Mama. Yeye arudishe lile la asili. Litakaa sawa."

"Vizuri."

Dereva alishika nondo za dirisha. Alitaka kuuliza na alitaka asijibiwe. "Mama. Siku ile. Kule nyuma ya lori kulikuwa kunasikika?"

Mama alimtazama, tena si kwa huruma.

"Miaka miwili," alisema, "mnakuja hapa kila mtu na siku yake kuniambia nani alimuua baba yenu. Huyu anasema springi. Huyu anasema mwendo. Nanyamaza, nasema labda ipo siku mmoja wao ataona haya. Baba yenu hakulalamikia springi. Alikuwa amevumilia mawe maisha yake yote. Na akili zake zilikuwa zake mpaka mlangoni hospitali."

"Mama," Fundi alisema.

"Mlipofika kwenye habari ya nani atakaa na mimi, alinishika mkono. Akaniomba nimzibe masikio. Nikamziba, kwa viganja vyangu vyote viwili, nimemkumbatia kichwa hivi, mpaka lami na kupita. Mlipoteremka mkanikuta nimemshika vile, wewe mkubwa ukasema Mama usilie, tumefika. Nilikuwa silii. Nilikuwa nimebaki mimi wa kusikia."

Fundi aliweka paji la uso kwenye nondo na kuanza kulia, mdomo wazi, bila sauti. Dereva alitafuta neno. Alilitafuta kote, na la maana alilolipata lilikuwa moja tu, samahani, nalo lilikuwa limechelewa miaka miwili. Aliona aibu kali, ya kuchoma masikio, na hapakuwa tena na wa kumrushia.

Nyuma yao wake zao walikuwa wamesimama na ndoo zao, hawaelewi kitu.

"Haya, kasawazisheni hilo gari kabla jua halijazama," Mama alisema, na kugeuza uso upande wa ukuta. "Alhamisi nitapanda. Ila mbele akae anayeendesha peke yake."